Erskine Childers: mashua ya likizo iliyobeba bunduki

Robert Erskine Childers alizaliwa London tarehe 25 Juni 1870. Baba yake alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa lugha za Asia. Mama yake alitoka Ayalandi. Kifua kikuu kiliwamaliza wote wawili akiwa angali mtoto. Yeye na ndugu zake wakalelewa kwa mjomba, katika nyumba ya Glendalough, huko Wicklow, Ayalandi.

Mwaka wa 1895 akawa karani katika Bunge la Uingereza. Mguu ulimuuma, alichechemea. Lakini likizo ikifika, huyu bwana alikuwa kwenye maji. Mwaka wa 1897, pamoja na kaka yake Henry, alichukua mashua ndogo ya matanga, Vixen, wakapita visiwa vya kaskazini ya Ujerumani mpaka bahari ya Baltic. Kwa mtu aliyezoea Ziwa Kivu au Tanganyika, bahari ya visiwa vile ni ya ajabu: maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku. Usipojua njia, mashua inabaki imekaa juu ya mchanga mpaka maji yarudi.

Kutoka safari hizo alipata kitabu, The Riddle of the Sands, kilichotoka mwaka wa 1903. Ni hadithi ya marafiki wawili ndani ya mashua wanaogundua mpango wa siri wa Ujerumani wa kuvamia Uingereza. Kinasomwa mpaka leo.

Mwaka wa 1904 alioa Molly Osgood, Mmarekani wa Boston. Wazazi wa Molly wakawapa zawadi: mashua Asgard, iliyotengenezwa Norwe mwaka wa 1905, yenye urefu wa metre 15 hivi. Molly alitembea kwa shida tangu utoto, lakini usukani aliushika vizuri sana.

Wakati ule Ayalandi ilitawaliwa kutoka London. Mwezi wa 4 mwaka wa 1914, wale wa kaskazini waliokataa nchi ijitawale waliingiza bunduki nyingi kwa siri. Upande wa pili nao ukatafuta zake. Kati ya waliopanga alikuwemo Roger Casement, yule konsoli wa Uingereza ambaye mwaka wa 1903 alipanda mto Kongo, kisha akaandika ripoti juu ya mateso ya mpira chini ya mfalme Léopold II.

Childers akatoa Asgard. Watu sita tu ndani: yeye, bibi yake, rafiki yao Mary Spring Rice, rafiki mwingine Gordon Shephard, na wavuvi wawili wa Donegal. Karibu na pwani ya Ubelgiji walipakia bunduki 900 kutoka meli ya Hamburg, wakalala juu yake njia nzima, wakapita dhoruba. Tarehe 26 Julai 1914 wakazishusha Howth, karibu na Dublin, mchana kweupe. Jioni ile ile askari wa Uingereza walifyatulia raia risasi mjini, watu wakafa.

Vita vya dunia vilipoanza, Childers alitumikia jeshi la maji la Uingereza. Mwaka wa 1919 akahamia Dublin, akawa mtetezi wa uhuru. Lakini mkataba wa 1921 aliukataa, juu ya kiapo kwa mfalme. Nchi ikagawanyika, waliopigana pamoja wakaanza kuuana.

Tarehe 10 Novemba 1922 alikamatwa Glendalough, nyumba ile ile aliyolelewa, akiwa na bastola ndogo. Michael Collins ndiye aliyempa zamani, kabla hawajawa maadui. Sheria mpya ilisema: mwenye silaha bila ruhusa, kifo. Tarehe 24 Novemba alipigwa risasi, rufaa yake ikiwa bado haijamalizika. Mbele ya kufa, alishikana mkono na kila askari aliyetumwa kumuua.

Mtoto wake, miaka 16, alikuwa ameahidi gerezani kwamba atawapa mkono wote waliotia sahihi hukumu ile, na kwamba hatalipiza kisasi. Mwaka wa 1973 mtoto huyo akachaguliwa kuwa rais wa Ayalandi.

Asgard iko ndani ya jumba la makumbusho, Dublin. Haibebi tena watu wa likizo, wala bunduki.