Nguvu za Mama Mugaya wa Butiama

Mtu anapotajwa kuwa na nguvu, fikra za wengi wetu hukimbilia kwa mwanamume. Tunamkumbuka mpiga mieleka, mchukuzi wa magunia bandarini, au mvuvi anayepiga kasia usiku kucha. Mwanamke tunamsifu kwa subira na upole, nasi husahau kwamba katika nchi yetu ni yeye aliyebeba sehemu kubwa ya mizigo yote iliyopata kubebwa.

Leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa visiwani na viongozi wa serikali wa ngazi zote, maisha ya Mama Mugaya wa Nyang'ombe wa Butiama, aliyefariki dunia mwaka 1997. Wengi wanamjua kwa jambo moja tu, kwamba ndiye mama mzazi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Heshima hiyo anaistahili, lakini haitoshi. Yamo katika maisha yake mafunzo ambayo hata mwanawe alichukua miaka mingi kuyafanyia kazi.

Inaelezwa kwamba Mama Mugaya alizaliwa mwaka 1892. Miaka hiyo ilikuwa ya shida kubwa katika Afrika Mashariki. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe kutoka kaskazini hadi kusini, na mahali pengi njaa na maradhi vilifuata nyuma yake. Mtoto wa kike aliyekua katika zama hizo alijifunza mapema kwamba mali ya zizini yaweza kupotea kwa msimu mmoja, na kwamba kinachobaki ni jembe na mikono ya kulishika.

Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 15, aliolewa na Burito Nyerere, akawa mke wake wa tano. Mwaka 1915 Burito aliwekwa na Wajerumani kuwa mtemi, na Waingereza walipoitwaa nchi walimwacha katika kiti chake. Wake zake walifikia 22, na watoto wake waliokua walikuwa 25.

Asidhani mtu kwamba kuolewa na mtemi kulikuwa ni kupumzika. Kila mke alikuwa na nyumba yake kuzunguka zizi la ng'ombe pale Mwitongo, na kila mmoja alikuwa na watoto wake wa kulisha. Mashamba yalikuwa ya ulezi, mahindi na muhogo, na Kambarage mwenyewe, aliyelelewa katika nyumba ya mama yake, alishika jembe pamoja naye tangu utotoni.

Kazi za mwanamke wa zama zile zinajulikana. Butiama haiko ukingoni mwa Ziwa, ni nchi ya vilima na majabali. Maji yalitekwa mabondeni, yakapandishwa kwa mtungi juu ya ngata, kichwani. Kuni zilikatwa porini, zikafungwa mzigo, zikachukuliwa vivyo hivyo. Nafaka ilisagwa juu ya jiwe, na msagaji alipiga magoti, akausukuma mwili wake wote mbele na nyuma mpaka unga utoshe mlo wa jioni. Mara nyingi mtoto alikuwa mgongoni wakati kazi hizo zote zikifanywa. Mwili ambao haukuwa na nguvu usingeweza kuyahimili hayo mwaka mmoja, sembuse miaka hamsini.

Mama Mugaya alimzalia mtemi watoto wanane, wa kiume wanne na wa kike wanne, na wawili kati yao walifariki wangali wachanga. Wa pili katika uzao huo alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mtembezi, kisha jina likabadilishwa kwa ushauri wa mganga likawa Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Katika miaka hiyohiyo, mbali sana na Mwitongo, palikuwa na mwanamke wa Ulaya aliyeitwa Katie Sandwina. Alizaliwa mwaka 1884, basi alikuwa mkubwa wa Mama Mugaya kwa miaka minane tu. Mwaka 1911 aliingia katika sarakasi mashuhuri ya Barnum & Bailey huko Marekani, na watu walikata tiketi kumwona akimnyanyua mumewe kwa mkono mmoja mpaka juu ya kichwa. Alipata sifa na fedha, na alipofariki mjini New York mwaka 1952 jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika historia ya wanyanyuaji wa vitu vizito.

Dunia ilichukua muda mrefu kukubali kwamba kazi ile ni mchezo wa heshima kwa mwanamke. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake wanyanyuaji yalifanyika mwaka 1987, na wanawake waliruhusiwa kuushindania mchezo huo katika Olimpiki mara ya kwanza mwaka 2000 huko Sydney. Chuma chao kitupu, kabla ya kuongezwa uzito, ni cha kilo 15. Mama wa kijijini anayejitwisha ndoo ya lita 20 ameinua kilo 20 za maji, na ndoo yenyewe hatujaihesabu.

Hatutaji mambo haya ili kumdharau mwanamichezo. Tunataka tofauti ionekane. Mnyanyuaji wa mashindano huuchagua uzito wake, huuinua kwa sekunde chache, huuachia chini, akapigiwa makofi. Mama wa Butiama hakuchagua. Aliubeba uzito mwendo mrefu, akautua nyumbani, akaufuata mwingine, wala hakuna aliyesimama kutazama, kwa sababu kila mtu aliuona kuwa ni desturi.

Kumbe mtu mmoja alikuwa akitazama. Kijana Kambarage alitoka nyumbani mwaka 1934 kwenda Shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kwa miguu, na baadaye akaenda Tabora. Mwaka 1942 Mtemi Burito alifariki, na Mama Mugaya akawa mjane. Mwaka uliofuata mwanawe aliingia Makerere, na huko, mwaka 1944, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Alichukua hoja za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill akazipima kwa maisha ya watu wake mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba aliujua ugumu wa kazi za wake wa baba yake, na kwamba mambo hayo ndiyo yaliyomsukuma. Insha hiyo ilikuja kuchapishwa mwaka 2009 kwa jina la Uhuru wa Wanawake, miaka kumi baada ya mwandishi wake kufariki.

Uhuru wa nchi ulipopatikana mwaka 1961, fikra ile haikuachwa Makerere. Katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu alikiri kwamba maisha ya jadi pamoja na uzuri wake yalikuwa na kasoro kubwa, nayo ni wanawake kufanya kazi kupita haki yao. Mwaka 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, na mwaka huohuo serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji vijijini, kwa lengo kwamba kila kaya iyapate katika umbali usiozidi mita 400. Lengo hilo halikufikiwa ilipotimu mwaka 1991, lakini kipimo chenyewe kilikuwa cha haki, kwa sababu kilipima hatua za mwanamke mwenye mzigo kichwani.

Mama Mugaya aliyaona hayo yote. Butiama ilibaki kuwa nyumbani kwake. Mwalimu alipong'atuka katika urais mwaka 1985 na kurudi kijijini kulima, alimkuta mama yake yu hai, naye alikuwa amekwisha kupita miaka tisini. Alifariki akiwa na umri upatao miaka 105. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1999, mwanawe alimfuata, akazikwa palepale Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Sasa tunasema neno kwa viongozi. Ni rahisi sana kuwasifu akina mama wa Mara kwamba ni wenye nguvu. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ina hatari yake. Kwa miaka mingi nguvu hizo zimekuwa bomba mahali pasipo na bomba, na gari mahali pasipo na barabara. Kwa kuwa kazi inafanyika na hakuna anayedai malipo, mpangaji wa mipango anaweza kudhani kwamba haja haipo. Mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari hadi Butiama, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2022, ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo mradi wowote wa maji haupimwi kwa ukubwa wa tangi. Kiongozi atoke ofisini akaulize kama mtungi umeshuka kichwani mwa mama.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema vivyo hivyo. Yeyote anayevuka kutoka Ukerewe kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya kwenda Bunda au Musoma anaiona mizigo ya dagaa na muhogo, na anaona ni nani wanaoibeba. Anayeishi katikati ya maji bado huyateka kwa ndoo. Penye mwalo usio na gati, mizigo hutolewa mtumbwini kwa kichwa na bega. Kamati za mialo na serikali za vijiji ziuhesabu uzito huo katika mipango yao, na wanaume wasione haya kuushiriki.

Na binti wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka kunyanyua vyuma kwa mchezo asichekwe wala asiambiwe kwamba misuli inamwondolea uanamke. Bibi zake walikuwa na misuli hiyo, nayo ndiyo iliyolilisha taifa. Shule zimpe nafasi na vifaa, ili safari hii auchague mwenyewe uzito wa kuuinua na aweze kuutua anapotaka.

Tunaamini hiyo ndiyo kumbukumbu inayomfaa Mama Mugaya. Heshima ya nguvu zake itatimia siku mjukuu wake atakapokuwa na nguvu kama zake bila kulazimishwa nazo.