Trevithick na Vali Mbili

Muulize mwanafunzi yeyote nani alileta injini ya mvuke, atakujibu James Watt. Muulize nani alileta treni, atakujibu Stephenson. Katikati ya majina hayo mawili kuna jamaa mmoja mrefu, mpiga mieleka, anayesahaulika mara nyingi: Richard Trevithick. Yeye ndiye aliyethubutu kutumia mvuke wa presha kubwa wakati wakubwa wake wakiuogopa. Na presha hiyo ilipoua watu, ni yeye aliyekaa chini akafikiria upya ile vali ya usalama iliyo juu ya boila.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1771 katika parokia ya Illogan, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kwao ni nchi ya migodi ya bati na shaba, na baba yake alikuwa msimamizi mgodini. Shule haikumkaa sana, ingawa hesabu alizipata kwa njia zake mwenyewe. Mwaka 1797 alimwoa Jane Harvey, binti wa mwenye kiwanda cha kusubu chuma kule Hayle.

Tatizo la migodi ya Cornwall lilikuwa maji. Ukichimba chini, yanajaa, lazima uyapampu. Injini za Watt zilifanya kazi hiyo vizuri, lakini mvuke wake ulikuwa dhaifu, presha yake imezidi kidogo tu ile ya hewa ya kawaida. Nguvu ilipatikana kwa kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni ili kupata ombwe upande mmoja wa pistoni. Matokeo yake ni mtambo mkubwa kama nyumba, na wenye migodi walikuwa wanamlipa Watt na mshirika wake Boulton ada mpaka hataza ilipokwisha mwaka 1800.

Trevithick akajiuliza: vipi tukiuacha mvuke wenyewe usukume, kisha tuutoe nje? Alimwendea mwanahisabati Davies Giddy kumuuliza hasara itakuwa kiasi gani. Jibu: utapoteza presha ya angahewa moja, basi. Kwa mvuke dhaifu hasara hiyo inakumaliza, lakini kwa mvuke mkali ni kitu kidogo. Na ukishaachana na kile chombo cha kupozea, injini inakuwa ndogo kiasi cha kuwekwa juu ya magurudumu.

Alianza na modeli, nyumbani kwake Camborne. Boila yenyewe ilikuwa kama birika la chuma, ikabandikwa motoni. Giddy alivukuta moto, na Lady de Dunstanville, mke wa tajiri wa migodi, ndiye aliyefungua koki ya mvuke. Hebu fikiria, mapinduzi ya usafiri yanaanza hivyo, na mgeni wa heshima ndiye dereva. Mkesha wa Krismasi 1801 injini kamili ilipanda kilima cha Camborne ikiwa imebeba watu. Siku chache baadaye iliharibika njiani, wenzetu wakaiacha moto ukiwaka, wakaenda zao kula. Maji yakakauka, yote ikateketea. Hasara, lakini hakufa mtu.

Greenwich, jirani na London, haikuwa hivyo. Tarehe 8 Septemba 1803 injini yake ya kupampu maji kwenye msingi wa jengo ililipuka. Kwa maelezo ya Trevithick mwenyewe, kijana aliyekabidhiwa injini alikwenda kuvua mikunga, akamwachia kibarua mmoja. Kibarua akaona injini inakwenda mbio kuliko kawaida, akaisimamisha. Hapo ndipo penye tatizo. Wenzo wa vali ulikuwa umekazwa kwa spana, na spana hiyo hakuitoa. Injini ikisimama haitumii mvuke tena, ila moto bado unawaka na presha inapanda. Kijana alirudi baada ya kama saa moja, na alikuwa ndiyo kwanza anataka kuifungua vali boila ilipopasuka. Yeye aliumia akapona. Watu watatu walikufa palepale, wa nne akafa baadaye kwa majeraha.

Trevithick aliamini kwamba Boulton na Watt waliitumia ajali hiyo kumpiga vita. Inawezekana. Lakini mimi namheshimu zaidi kwa alichokifanya mezani kuliko kwa lawama zake, maana vali ile ilikuwa na udhaifu wa wazi.

Vali ya wenzo na uzito ilikuwepo tangu karne ya 17, kazi ya Mfaransa Denis Papin. Kifuniko kidogo kinaziba tundu juu ya boila, wenzo unakikandamiza, na uzito unaning'inia kwenye wenzo. Chukua tundu la sentimeta 1 ya mraba na mvuke wa bar 3.5. Mvuke unasukuma juu kwa nyutoni 35, sawa na uzito wa kama kilo 3.5. Uzito wa nusu kilo, ukiwa mbali na egemeo mara saba kuliko vali ilivyo, unatosha kuizuia. Sasa sogeza nusu kilo hiyohiyo mpaka mara kumi na nne. Vali haitafunguka mpaka bar 7, na hukuhitaji hata kuongeza uzito. Mfanyakazi anayetaka nguvu zaidi anasogeza tu. Mvivu anafunga kwa spana.

Kwa hiyo injini zilizofuata aliziwekea vali mbili, na moja kati ya hizo mwendeshaji hakuweza kuirekebisha. Akaongeza kizibo cha risasi, chini kidogo ya kiwango cha chini cha maji. Maji yakiwepo, risasi haipati joto la kuyeyuka. Yakipungua, inayeyuka, na mvuke unaingia motoni kwa kelele ambayo hata aliyelala ataisikia. Pia alipima boila kwa maji yenye presha kabla ya kuzitumia, na akaweka kipimo cha zebaki.

Wanaounda garimoshi ndogo za mvuke leo, zile za kupanda juu kama farasi wa mbao, bado wanaishi na hesabu hiyo. Kwenye injini inayotikisika uzito hurukaruka, kwa hiyo siku hizi kuna springi na nati ya kuirekebisha. Unaanza springi ikiwa imelegea, unawasha moto, unatazama geji iliyokwisha kulinganishwa na nyingine ya kuaminika, kisha unakaza kidogokidogo mpaka vali ifunguke kwenye presha iliyopangwa. Halafu unauchochea moto hasa, vali ikipuliza: presha isizidi ile ya kazi kwa zaidi ya asilimia 10. Ikizidi, kukaza au kulegeza springi hakutasaidia, maana tundu lenyewe ni dogo. Ikipita, nati inafungwa isiguswe.

Tarehe 21 Februari 1804 injini yake ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kwenye reli ya Pen-y-Darren, Wales, kama kilomita 16 kwa saa nne na dakika tano. Injini ilishinda, reli zikavunjika kwa uzito. Mwaka 1808 alizungusha nyingine London kwa kiingilio cha shilingi moja, na watu hawakujaa.

Modeli ndiyo iliyompeleka Peru. Francisco Uville aliiona injini ndogo ya Trevithick dukani London, akainunua, akaijaribu kwenye migodi ya Cerro de Pasco, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi inaziangusha injini za Watt. Ikafanya kazi. Trevithick akasafiri mwaka 1816, vita vya uhuru vikamkuta huko, akapoteza kila kitu. Mwaka 1827 alikutana Cartagena na Robert Stephenson, ambaye alimpa pauni 50 za nauli.

Aliliomba Bunge limfidie kwa uvumbuzi wake, hakupata kitu. Alifia hotelini Dartford tarehe 22 Aprili 1833, akifanya kazi katika kiwanda cha Hall. Wafanyakazi wa kiwanda hicho walichanga gharama za mazishi na wakamsindikiza makaburini. Kaburi halikuwekewa alama.