Janani Luwum: Askofu Mkuu aliyemwandikia Idi Amin

Alipokuwa Askofu Mkuu wa Anglikana mwaka 1974, Janani Luwum hakupewa Uganda peke yake. Cheo hicho kilibeba pia Rwanda, Burundi na Boga, Zaire. Si mzigo mdogo kwa mwalimu wa zamani kutoka Mucwini, Kitgum.

Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na watu kupotea. Tarehe 16 akakamatwa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza: wamekufa kwa ajali ya gari.

Ajali gani, mwili una matundu ya risasi?

Kaburi lilishachimbwa Namirembe, Kampala, lakini akazikwa kwao Mucwini. Waumini Kampala walisali kando ya kaburi tupu.

Tangu 2015, Februari 16 ni siku ya mapumziko Uganda.