MNAMJUA ADRIAN ATIMAN? MTOTO ALIYEUZWA, AKAWA DAKTARI WA KAREMA

 

Ukizunguka jumuiya ndogondogo hapa Rhotia utakuta kila moja ina somo wake. Ni watakatifu wazuri wote, sina neno. Lakini wengi wao ni mapapa, maaskofu, mapadre na watawa. Sasa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, anayelima shamba la mzee wake huku akisubiri msimu wa watalii ufunguke, anajiuliza: mimi nimfuate nani? Leo nawaletea mtu mmoja ambaye hayumo kwenye kalenda ya watakatifu, ila alikaa na kufia hapahapa Tanzania.

Anaitwa Adrian Atiman. Alizaliwa mnamo mwaka 1866, karibu na mto Niger, kwenye nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walimwona, wakatoa pesa na kumkomboa. Wakamsomesha, akabatizwa.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Huyu mzee aliona kwamba Afrika ingehitaji madaktari ambao ni Waafrika wenyewe, na hao hao wawe makatekista. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta, na Atiman akapelekwa huko kusomea udaktari. Alimaliza mwaka 1888. Mwaka huohuo akapanda meli hadi Zanzibar, kisha ikaanza safari ya miguu na msafara, kupitia Tabora, mpaka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Alifika mwanzoni mwa mwaka 1889.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Karema wakati ule haikuwa mahali pa amani. Kando ya ziwa biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea, na misheni ilikuwa kimbilio la watu waliokombolewa, watoto wakiwemo. Yaani Atiman alitolewa kwenye minyororo, akasoma hadi Ulaya, halafu akaenda kuishi palepale ambapo watoto wengine walikuwa wanapitia yaleyale aliyoyapitia yeye. Akawatibu. Vidonda, homa, majeraha, kinamama wajawazito, wote kwake. Na baada ya kazi ya dawa kuna kazi ya katekisimu.

Hakuwa padre wala bruda. Alioa binti wa Kibende, akabatizwa kwa jina la Agnesi, na mtoto wao Yosefu akaja kuwa padre. Hebu fikirieni: baba aliyeuzwa kama mbuzi, mwanae akasimama altareni.

Najua kuna mdau atasema hapa kwamba jamaa alinunuliwa mara mbili, mara ya kwanza na wafanyabiashara, ya pili na wazungu. Hoja hiyo ina uzito, tusiikimbie. Mtoto yule hakuulizwa anataka kwenda wapi. Ila mtoto hakai mtoto. Atiman alikuwa mtu mzima mwenye taaluma adimu, na watu wa taaluma hiyo walitafutwa kila mahali. Wajerumani wakaja wakaondoka, Waingereza wakatawala, vita kuu mbili zikapita, yeye yupo Karema. Alikaa pale miaka 67! Amefariki mwaka 1956, akiwa na miaka kama 90 hivi, miaka mitano kabla ya uhuru. Hakuna mtu anayeweza kulazimishwa mapenzi ya miaka 67.

Simulizi ya maisha yake ilichapishwa mwaka 1946 kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa hiyo hizi si hadithi za vijiweni. Wanaotaka kumfuatilia wana pa kuanzia.

Kwa nini namleta kwa vijana wa huku Karatu na Rhotia? Kwa sababu sisi tunafikiri imani ni mambo makubwa ya siku moja: mkesha, hija, semina, machozi, basi. Jumatatu tumesharudi kulekule. Kwa Atiman imani ilikuwa kuamka asubuhi, kufungua mlango, kumwosha mtu kidonda kinachonuka, na kesho tena, na keshokutwa tena. Hicho hata fundi baiskeli anaweza. Hata dereva wa watalii, hata muuza vitunguu wa Mang'ola anayepima kilo bila kuchakachua mzani.

Pia aliumizwa vibaya na binadamu wenzake, na hakutumia maumivu yake kama leseni ya kuumiza wengine. Wangapi wetu tuna kinyongo cha shamba la urithi, au baba aliyetukimbia, tukakigeuza kuwa sababu ya kuharibika?

Watakatifu tuendelee kuwaomba watuombee. Lakini siku mkikaa kwenye jumuiya kutafuta mtu wa kuwasimulia vijana, mkumbukeni na huyu daktari mwenye mke na mtoto.

Haya wadau, na ninyi leteni wenu. Nani kwenye kijiji chako, aliyekwisha tangulia, ambaye ukimkumbuka unaona aibu kufanya ujinga?