Nahodha Aliyekwisha Kula Fungu Lake

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 1:29, Danieli 1:8–16, Warumi 14:1–4, 1 Wakorintho 10:31.

Washiriki wengi wanamjua Kapteni Joseph Bates kuwa mtu wa Sabato, yule baharia mzee aliyeandika, akasafiri na kuhubiri mpaka amri ya nne ikaingia mioyoni mwa watu waliokuwa wamevunjika moyo baada ya 1844. Sahani yake haizungumzwi sana. Hata hivyo, kati ya waanzilishi watatu wa kanisa, yeye ndiye aliyekaa mezani miaka 20 bila nyama kabla wenzake hawajaonyeshwa jambo hilo, na katika miaka hiyo yote hakuwasumbua.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, Massachusetts, nchini Marekani. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia ng'ambo ya mto unaotazamana na New Bedford, mahali palipokuja kuitwa Fairhaven, na mtoto akakua akitazama meli za kuvua nyangumi zikiingia na kutoka. Alitamani bahari kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1807 alipanda meli kwa mara ya kwanza, akiwa mtumishi mdogo wa nahodha, kwenda London.

Chakula cha baharini siku zile hakikuwa cha kumfanya mtu aipende mboga wala tunda. Baharia alikula nyama ya ng'ombe au ya nguruwe iliyokaa kwenye pipa la chumvi kwa miezi, na biskuti ngumu kama kigae. Mboga mbichi zilikuwa za bandarini tu. Mwaka 1810, akiwa Liverpool, Bates alikamatwa kwa nguvu pamoja na vijana wengine akatiwa katika jeshi la maji la Uingereza. Vita vilipozuka kati ya nchi hiyo na Marekani alikataa kupigana na watu wa kwao, akafanywa mfungwa. Kati ya utumwa wa melini na kifungo, ilipita miaka mitano. Mwisho wa kifungo ulikuwa Dartmoor, gereza la mawe juu ya nyanda zenye baridi. Huko, mapema Aprili 1815, mkate ulikosekana na wafungwa wakapewa biskuti ngumu badala yake. Waliikataa, wakasukuma malango mpaka mkate halisi ukaletwa. Bates alikuwepo, na alipoandika habari za maisha yake akiwa mzee, mkate ule haukusahaulika. Mtu aliyewahi kuukosa mkate huwa hauchezei.

Aliporudi nyumbani alipanda cheo mpaka akawa nahodha. Mwaka 1818 alimwoa Prudence Nye, binti wa Fairhaven waliyefahamiana tangu utoto. Ni Prudence aliyemfungia Agano Jipya katika sanduku la safari, mahali ambapo mumewe alitegemea kukuta hadithi za kusoma njiani. Mwanamke huyu hasemwi sana katika historia yetu, lakini ndiye aliyepika, na ndiye aliyeiona meza ya nyumba ile ikibadilika kitu kimoja baada ya kingine.

Mabadiliko yenyewe yalianzia kwenye glasi. Mwaka 1821, akiwa safarini, Bates alikuwa na desturi ya kunywa glasi moja ya pombe kali kwa siku, wakati wa chakula cha mchana. Siku moja alijigundua kwamba anaitamani ile glasi kuliko chakula chenyewe. Aliogopa, akaacha. Mwaka uliofuata aliacha divai. Tumbaku ya kutafuna ikafuata. Mwaka 1827 aliongoza meli yake Empress kwenda Amerika Kusini bila pombe yoyote ya kunywa mabaharia, jambo lililowashangaza watu wale ambao tangu utoto waliambiwa kwamba baharia hawezi kufanya kazi bila mgao wake wa kileo. Meli ilikwenda na kurudi salama. Mwaka 1828 aliacha bahari, akiwa na umri wa miaka 35 na mali ya zaidi ya dola 10,000, fedha iliyomtosha mtu kukaa kwa raha siku zile.

Chai iliondoka kwa namna ya kuchekesha kidogo. Yeye na mkewe walialikwa kwa jirani, wakapewa chai ya kukolea, na usiku ule nahodha akakaa macho mpaka usiku wa manane kupita. Alipotafuta sababu hakuona nyingine ila chai. Basi chai ikatoka, na baadaye kahawa nayo ikatoka. Yapo mambo ambayo mtu hahitaji kuelezwa na daktari. Mwili wake mwenyewe humwambia, ikiwa anausikiliza.

Nyama ilikuwa ya mwisho, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vyote kwa mazingira yake. Mwaka 1843, akiwa na miaka kama 50, katika siku ambazo yeye na maelfu ya wengine walikuwa wakimtazamia Bwana arudi upesi, aliamua kutokula nyama tena. Hakuishia hapo. Siagi, mafuta ya kupikia ya wanyama, jibini, na keki zile nzito zilizokuwa fahari ya wapishi wa New England, vyote aliviweka kando. Wakati huo palikuwa na watu wengine Marekani waliofundisha namna hiyo. Sylvester Graham, kwa mfano, alikuwa amewahimiza watu kwa miaka kadhaa waache nyama na wale mkate wa unga wa ngano usiokobolewa, na waokaji wa Boston walimchukia kwa hilo. Kwa hiyo Bates hakuwa wa kwanza duniani. Alikuwa wa kwanza katika nyumba alizoingia.

Na alikuwa mtu wa kuingia nyumba nyingi. Mali yake yote aliitumia katika kutangaza ujumbe wa marejeo. Mwaka 1844 aliuza nyumba yake. Baadaye alisafiri kwa treni, kwa mashua na kwa miguu, akapita Michigan, Indiana na Kanada katika theluji akiwa na miaka karibu 60. Kila alikofika alilala kwa watu na kula kwa watu. Hebu fikiri meza ya mkulima wa nyakati zile wakati wa baridi: nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya nguruwe huyo huyo, maandazi yaliyoloweshwa mafuta hayo hayo. Mama mwenye nyumba ametoa kilicho bora kwa mtumishi wa Mungu. Mgeni anachukua kiazi kilichochemshwa, mkate na matunda, anashukuru, anakula kwa furaha, na sufuria ya nyama anaipisha iende kwa jirani yake. Kila aliyewahi kukalishwa mbele ya kuku aliyechinjwa kwa heshima yake anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Walipomwuliza kwa nini hali nyama wala mafuta, alijibu kwamba yeye alikwisha kula fungu lake. Basi. Hakutoa hotuba. Hakumtazama mwenyeji kwa jicho la hukumu, wala hakugeuza karamu kuwa mahakama. Wenzake walikumbuka baadaye kwamba hakuligusa jambo hilo hadharani, na hata faraghani hakulizungumza mpaka aulizwe. Jibu lake lilikuwa la kibaharia, lenye mzaha ndani yake, tena la kweli, maana kwa miaka mingi baharini alikula nyama ya chumvi kupita watu wengi waliokaa meza ile.

Linganisheni Danieli 1:8–16 na Warumi 14:1–4. Danieli alimwomba msimamizi ajaribu kwa siku 10. Je, katika nyumba zetu tunaomba, au tunaamuru?

Isidhaniwe kwamba meza ya Bates ilikuwa ya mtu mwenye wingi wa vitu vya kuchagua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akiandika kitabu juu ya Sabato, Prudence alimjia akimwambia unga hautoshi kumaliza kuoka mkate. Alimwuliza ni kiasi gani kinachohitajika. Ratili nne hivi, akajibu. Mumewe akatoka, akarudi na ratili nne hasa, akarudi mezani kuandika. Mkewe alishangaa: nahodha aliyezoea kusheheni meli nzima ameleta unga wa mkono mmoja! Hapo ndipo alipomweleza kwamba ametumia senti zake za mwisho. Prudence alilia. Muda mfupi baadaye Bates alivutwa moyoni kwenda posta, akakuta barua yenye dola 10 kutoka kwa mtu asiyemjua hali yake. Alinunua pipa la unga, viazi na mahitaji mengine, akaagiza vipelekwe nyumbani kwake. Mama Prudence akawakuta wachukuzi mlangoni, akadhani wamepotea nyumba.

Kuhusu chakula, jambo la kutazama katika kisa hiki ni vitu vyenyewe. Alipopata fedha baada ya ukata alinunua unga na viazi. Hakukimbilia nyama ili kujifariji, kama wengi tufanyavyo mshahara unapotoka.

James na Ellen White walikutana naye mwaka 1846, wakiwa vijana. Yeye alikuwa na umri wa kuwazaa. Tangu hapo walifanya kazi bega kwa bega, wakila meza moja mara nyingi. Walikuwa wakila nyama, na Ellen aliamini kwamba bila nyama hana nguvu. Afya zao zilikuwa mbovu. Ellen alizirai mara kwa mara. James alijichosha kwa kazi mpaka mwaka 1865 akapata kiharusi. Wahubiri wengine vijana nao waliugua mmoja baada ya mwingine. Katikati yao alitembea mzee Bates, mwenye mvi, amenyooka, akivuka theluji. Kama angekuwa mtu wa kubishana, alikuwa na hoja iliyosimama kwa miguu miwili. Hakuitumia.

Mwezi Juni 1863, huko Otsego, Michigan, katika nyumba ya Aaron Hilliard, Ellen White alipewa maono juu ya afya. Sasa nyama, mafuta, viungo vikali, chai na tumbaku vikawa jambo la kanisa zima. Ellen mwenyewe alipata taabu. Mkate wa unga usiokobolewa hakuupenda, na ilibidi akae mezani asubiri mpaka njaa imfundishe kuufurahia. Bates alikuwa na miaka 70. Hapo alifungua kinywa. Alifurahi kama mtu aliyekaa kimya muda mrefu akisubiri zamu yake, akasimulia kwa uhuru yale aliyoyaishi tangu glasi ile ya mwaka 1821. Watu walimsikiliza, kwa kuwa walikwisha kuuona mwili wake kabla ya kuyasikia maneno yake.

Mwezi Mei 1871 alisimama katika mkutano wa matengenezo ya afya huko Battle Creek, akiwa katika mwaka wake wa 79, akaeleza hatua zake zote na kumshukuru Mungu kwamba hana maumivu yanayomsumbua. Mwaka huo huo aliongoza mikutano isiyopungua 100, mbali na ibada za kanisa lake la nyumbani.

Ingekuwa vizuri kama habari ingeishia hapo, lakini mzee alikuwa na upande mwingine. Mtu aliyeweza kuacha kila kitu alianza kuacha kupita kiasi. Prudence alikuwa amefariki mwaka 1870, na mwenye kumwangalia sahani hakuwepo tena. Alifunga mara nyingi, na alikula kidogo kuliko mwili wa uzee ulivyohitaji. Mapema mwaka 1872 Ellen White alimwandikia kwa upole wa binti kwa baba, akimwonya kwamba kufunga na kujinyima kwake kumezidi, na kumsihi ale chakula cha kutosha chenye kujenga mwili. Ni ajabu kidogo: yule aliyeila nyama mbele yake kwa miaka mingi bila kuambiwa neno, sasa ndiye anayemwambia yeye ale.

Bates alijibu. Na katika jibu lake, badala ya kujitetea kwa mafungu ya Maandiko, alifungua ghala. Alimhesabia vilivyomo nyumbani kwake kwa ajili ya majira ya baridi: viazi vizuri, vitunguu, maboga, nafaka na unga wa namna mbalimbali, matunda yaliyokaushwa na yaliyohifadhiwa. Orodha ile inasomeka kama ya nahodha anayekagua shehena kabla ya kung'oa nanga, na mtu anaweza kusikia ndani yake kwamba mzee alikipenda chakula chake. Alikuwa amekila kwa miaka 29 na hakikumchosha. Kama alikuwa akikila cha kutosha, hilo ni jambo jingine, na ndilo alilokuwa akiulizwa.

Mjadilini hili: ni lini kiasi hugeuka kuwa ukosefu wa kiasi? Ni nani katika familia au kundi lenu mwenye ruhusa ya kuwaambia kwamba mnakula vibaya, au kwamba hamli vya kutosha?

Majuma machache baada ya barua hiyo, tarehe 19 Machi 1872, Joseph Bates alifariki katika taasisi ya afya ya Battle Creek, ile iliyofunguliwa na kanisa mwaka 1866 ili kufundisha mambo aliyoyaanza peke yake. Mwili wake ulipelekwa Monterey, Michigan, ukazikwa katika makaburi ya Poplar Hill, kando ya Prudence.