Dkt. Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Shauku ya Mtu na Njia ya Mungu

Katika nyumba za ibada za Kariakoo, Mzaramo, Mchaga, Mhaya na Mnyakyusa huungama imani moja kwa Kiswahili. Lugha hiyo ilikuwa imeandikwa tangu zamani kwa herufi za Kiarabu. Mmisionari wa kwanza kuitungia sarufi na kuanza kuitafsiria Maandiko Matakatifu alikuwa Mlutheri wa Ujerumani, ambaye hakuja Afrika kwa ajili yake. Moyo wake ulikuwa mahali pengine.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen. Alipokuwa mwanafunzi alivutwa na ramani ya Afrika yenye nafasi tupu, akatamani kuwa nahodha wa meli ili azione nchi za mbali. Baba yake, aliyekuwa mkulima, hakuweza kugharimia mafunzo hayo. Baadaye kijana alisikia habari za umisionari, akajitoa kwa kazi hiyo. Tangu hapo tamaa ya kusafiri na wito wa kuhubiri vilikaa katika moyo mmoja, wala haikuwa rahisi kuvitenganisha. Wakati fulani mashaka juu ya wito wake yalimtoa katika chuo cha misheni cha Basel, akasoma theolojia Tübingen. Miaka kadhaa ilipita kabla hajarudi katika njia ya umisionari.

Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, CMS. Huko alishikwa na shauku juu ya taifa kubwa la Waoromo, akaamini kwamba wakiongoka wao, Afrika ya kati yote itafuata. Nia ilikuwa njema, lakini ilimpeleka pagumu. Alipokaa katika ufalme wa Shoa alifuatana na mfalme Sahle Selassie katika vita dhidi ya Waoromo hao hao aliotaka kuwapelekea Injili ya amani. Mwaka 1842 aliondoka Shoa, na alipotaka kurudi, njia ilikuwa imefungwa. Mwaka uliofuata alijaribu kupitia upande wa kaskazini pamoja na mkewe Rosine. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani nyikani, akafa. Wazazi walimwita Eneba, maana yake chozi.

Krapf hakuiacha shauku yake. Alisafiri kwa bahari hadi Zanzibar mwaka 1844, akitumaini kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha, naye akafanya makao Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Mjane huyo, mwenyewe akiwa mgonjwa wa homa, aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara ya kuanza kwa kazi.

Akiwa anangoja njia ya kwenda kwa Waoromo, aliendelea na kazi iliyokuwa mbele yake. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Mombasa na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Mwaka huo huo alipita kwa jahazi kwenye pwani hii kuelekea kusini, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakafungua kituo Rabai. Wawili hao hawakufanana. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi bahari ya magharibi. Rebmann alishikamana na Rabai kwa karibu miaka thelathini, hata akapofuka. Mnyororo haukutimia. Mwaka 1851, katika safari ya Ukambani, mwenyeji wake Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana, na Krapf akanusurika peke yake kwa njaa na kiu. Mwaka 1853 afya ilimlazimu kurudi kwao.

Basi je, shauku yake ilikuwa ya Mungu au ya nafsi yake? Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba Paulo alitaka kwenda Bithinia, akazuiwa, akajikuta Makedonia. Mtu hujulikana kuwa ameitii sauti ya Bwana asipoidharau kazi aliyopewa kwa sababu siyo aliyoitamani, na anapokubali mwingine avune. Krapf alipimwa kwa yote mawili. Mwaka 1866 Walutheri wa Sweden walifika Massawa wakikusudia kuwafikia Waoromo. Biblia nzima ya Kioromo ilitoka mwaka 1899, kwa kazi ya Onesimos Nesib, Mworomo aliyekombolewa utumwani, akisaidiwa na Aster Ganno. Shauku haikuwa ya bure. Ila wakati wake na mikono ya kuitimiza havikuwa vya Krapf.

Hata katika Kiswahili, yeye alipanda tu. Aliandika lahaja ya Mombasa, lakini Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja. Biblia ya mwaka 1952, iliyozoeleka sana makanisani, siyo tafsiri yake. Hata hivyo njia ya kuliandika Neno kwa lugha hii ilikuwa imefunguliwa miaka mingi kabla Mchungaji Greiner hajafika Dar es Salaam mwaka 1887.

Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Usharika unaotimiza miaka mia moja una mipango yake ya miaka ijayo, nao unaweza kuomba neema ile ile: kupanga kwa bidii, na kumwachia Bwana hatima yake.