Walter Cannon: Aliyefichua siri za tumbo kwa eksirei

MGONJWA anapopewa uji mweupe wa bariamu anywe kabla ya kupigwa eksirei ya tumbo, ni nadra ajue kwamba njia hiyo ilifunguliwa na mwanafunzi mmoja wa udaktari.

Walter Bradford Cannon alizaliwa Oktoba 19, 1871 mjini Prairie du Chien, jimbo la Wisconsin, Marekani. Alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mnamo 1896, miezi michache tu baada ya Mjerumani Wilhelm Röntgen kugundua eksirei. Miale hiyo ilidhihirisha mifupa barabara, lakini ilipenya tumbo na utumbo bila kuacha taswira ya maana.

Kwa kuelekezwa na Profesa Henry Bowditch, Cannon aliwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na bismathi, madini mazito yanayozuia miale. Papo hapo kivuli cheusi kikaonekana kikiteremka kooni. Desemba mwaka uo huo, mjini Boston, aliwaonyesha wanasayansi jinsi bata bukini anavyomeza. Mnamo 1898, alichapisha utafiti wake kuhusu mwendo wa tumbo la paka.

Katika majaribio hayo, aligundua kwamba paka akihangaika au akikasirika, tumbo lake husita kusaga chakula. Jambo hilo dogo lilimwongoza kuchunguza jinsi hofu na hasira zinavyouandaa mwili kupigana au kutoroka, na mnamo 1915 akatoa kitabu kuhusu suala hilo.

Dawa ya bismathi iliyotumika awali iliwadhuru baadhi ya wagonjwa ilipotolewa kwa wingi. Kuanzia 1910, nafasi yake ilitwaliwa na bariamu salfeti, ambayo haiyeyuki tumboni na hutoka mwilini jinsi ilivyoingia.

Hata hivyo, Cannon alilipa gharama kubwa. Miaka ile ya mwanzo alifanya kazi karibu na miale bila kinga ya kutosha, kwa kuwa madhara yake hayakuwa yamefahamika vyema. Baadaye alipatwa na aina ya saratani inayojitokeza kwenye ngozi, iliyohusishwa na miale hiyo. Alifariki Oktoba 1, 1945 katika jimbo la New Hampshire, akiwa na umri wa miaka 73.

Aproni za risasi zinazowakinga wahudumu wa eksirei leo ni funzo lililotokana na masaibu ya watangulizi kama yeye.